Madoido ya Kioo: Urembo wa Linux na Haja za Mwambao wa Tanga

Tarehe 28 Februari 2024 jamaa wa KDE, ambao ni mafundi waliotawanyika katika nchi nyingi na kuunganishwa na kazi moja, walitoa toleo la sita la Plasma, eneokazi la kompyuta za Linux, na miongoni mwa mambo mengi waliyoyatangaza siku ile lilikuwamo moja lililowafurahisha watu wazima sawa na vijana, nalo ni kurejea kwa mchemraba: yaani ule uwezo wa kuzifanya kurasa za kazi kuwa nyuso za umbo moja lenye pande, linalozungushwa kwa kipanya mpaka uso mmoja uondoke mbele ya macho na mwingine ushike mahali pake.

Mtu wa Tanga anayeisikia habari hiyo ana haki ya kuuliza inamhusu nini. Mwenye steshenari ya Ngamiani, ambaye riziki yake ya siku hutegemea barua za maombi ya kazi anazozipiga chapa, fomu anazowajazia wazazi na kurasa anazozitoa kwa printa, hakukosa usingizi mchemraba ulipotoweka, wala hatanenepa kwa kurejea kwake. Walakini masala haya yanastahili kupimwa kwa utulivu, kwa sababu katika mabishano ya takriban miaka ishirini juu ya madoido ya kioo yamefungamana maswali ambayo haiwezi kuyakwepa jamii yoyote inayonunua vyombo vilivyoundwa kwingine: urembo una kazi gani katika chombo cha kazi, nani mwenye amri juu ya chombo, aliyekiuza au aliyekinunua, na je, asiye na mali atosheke na kile kinachofanya kazi tu, au naye ana fungu lake katika kile kinachopendeza?

Rai yangu naitanguliza ili msomaji aipime njia nzima. Naona kwamba madoido ya kioo si anasa kwa asili yake wala si haja kwa asili yake, bali heshima yake hutokana na hiari ya mtumiaji na manufaa yake kwa jicho, hususa jicho lililo dhaifu. Na naona kwamba sisi wa mwambao tumeyatazama kama tamasha, ilhali yalistahili kusomwa kama elimu.

Ni insafu kulijua jambo kabla ya kulihukumu. Katika kompyuta za zamani kila programu ilichora moja kwa moja juu ya kioo, na dirisha lililokuwa juu lilifuta kabisa alama ya lile lililokuwa chini yake. Likiburutwa kando, ilibidi programu ya chini iamriwe kuchora upya sehemu iliyofunuliwa, na kama ilikuwa imeshughulika au mashine ilikuwa nzito, dirisha liliacha nyuma yake mkururo wa nakala zake lenyewe, ambao kila aliyewahi kutumia kompyuta kongwe anaukumbuka. Ufundi mpya ukalipa kila dirisha mahali pake pa faragha katika kumbukumbu ya mashine, likajichora humo kwa ukamilifu bila kujali nani amelifunika; kisha programu moja yenye mamlaka juu ya madirisha yote ikazichukua picha hizo na kuzipanga juu ya kioo kwa msaada wa kadi ya picha. Picha ikishafika katika kadi hiyo, kuififisha, kuipinda, kuikuza au kuizungusha si kazi nzito tena, kwani kadi iliundwa kwa ajili ya michezo yenye milima na majumba yanayoonekana kwa pande zote.

Njia hiyo kampuni ya Apple iliipita mapema, mwezi Agosti 2002, ilipotoa toleo la 10.2 la mfumo wake wa Mac. Katika Linux mlango ulifunguliwa Septemba 2004, pale mafundi wa X.Org walipotoa toleo la 6.8 la mfumo wa X, mfumo wenye nasaba ndefu ulioanzia chuo cha MIT mwaka 1984, wakalitia nyongeza ya kuziwezesha picha za madirisha kuhifadhiwa kando kabla ya kuonyeshwa. Na katika kazi hiyo mkono wa Keith Packard ulikuwa mkubwa. Kisha mwanzoni mwa mwaka 2006 David Reveman, fundi wa kampuni ya Novell, akatoa hadharani programu mbili, Xgl na Compiz, na hii ya pili ndiyo iliyouonyesha ulimwengu mchemraba unaozunguka, madirisha yanayotikisika yakiburutwa, na madirisha yote yaliyofunguliwa yakitandazwa mbele ya macho kwa mara moja. Mafundi wa kampuni ya Red Hat nao hawakuridhika na njia ya Xgl, wakatengeneza yao, AIGLX, iliyoyapitisha madoido ndani ya mfumo wa X uliokuwapo bighairi ya kuongeza mwingine juu yake. Na baada ya muda mfupi njia hii ndiyo iliyoshika.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni mashine zilizotumika. Windows Vista ilipofika kwa wanunuzi tarehe 30 Januari 2007, pambo lake la kioo lililoitwa Aero lilidai kadi ya picha ya kizazi kipya, na watu wengi walionunua kompyuta zenye kibandiko cha kuahidi kwamba zingeipokea Vista waligundua kwamba zingeipokea bila pambo lake. Kiini cha malalamiko hayo, yaliyofikishwa mpaka mahakamani huko Marekani, kilikuwa chipu ya picha ya Intel 915, iliyokuwa ndani ya kompyuta nyingi za bei nafuu na isiyoweza kubeba Aero. Chipu hiyo hiyo ilibeba Compiz. Haikuwa muujiza wala bahati: mafundi wa Linux walikuwa na chanzo cha programu za kuziendesha chipu za Intel, na hapakuwa na muuzaji aliyefaidika kwa kumwambia mwenye mashine ya jana kwamba imekwisha wakati wake. Kwa nchi kama yetu, ambako kompyuta aghalabu hufika ikiwa imekwisha kutumikia ofisi ya Ulaya au Ghuba, somo hilo lina uzito kuliko mchemraba wenyewe, maana linaonyesha kwamba mara nyingine umri wa chombo hupimwa kwa biashara ya mwenye kukiuza, si kwa nguvu ya chombo.

Historia ya madoido haya haikukosa fitina. Tarehe 19 Septemba 2006 kundi la mafundi wa kujitolea, walioona kwamba Novell inachelewa kupokea michango yao, lilijitenga na Compiz na kuanzisha Beryl, likaongeza madoido kwa wingi na kwa haraka: madirisha yanayofungwa kwa kuungua moto, na rangi ambazo kila kijana alizipanga apendavyo. Kwa miezi kadhaa pande mbili zikafanya kazi ile ile mara mbili. Katika mwaka 2007 ikapatikana suluhu, vikazaliwa vitu viwili vyenye kusaidiana: Compiz ikabaki kiini kidogo kilichopimwa kwa makini, na jamii ikayakusanya madoido yote mengine chini ya jina la Compiz Fusion, ambalo toleo lake la kwanza la majaribio lilitoka mwezi Agosti. Oktoba ya mwaka huo Ubuntu 7.10, mojawapo ya mifumo ya Linux, ikayawasha madoido kwa kila mtumiaji ambaye mashine yake iliyamudu, bila yeye kutafuta chochote. Hivyo ndivyo jambo la wajuzi wachache lilivyogeuka kuwa la watu wote.

Lilifikaje huku kwetu? Mwaka 2006, wakati Compiz inazaliwa, ukame ulikuwa umepunguza maji ya mabwawa na Tanzania nzima imo katika mgawo wa umeme, na mji wa Tanga, ulio jirani na mitambo ya Hale na Pangani, haukusalimika na giza lililowafika wengine. Intaneti ilipita katika setilaiti na gharama yake ilikuwa nzito. Mkongo wa intaneti wa SEACOM haukuwashwa Dar es Salaam na Mombasa mpaka Julai 2009, na kabla ya hapo kupakua mfumo mzima wa kompyuta wenye ujazo wa megabaiti mia saba katika intaneti kafe kulimtaka mtu saburi na fedha. Lakini kampuni ya Canonical, yenye kutoa Ubuntu, ilikuwa na desturi ya kumpelekea diski bure kila aliyeomba, popote alipo duniani, kwa njia ya posta, nayo iliidumisha mpaka Aprili 2011. Kwa njia hiyo kijana mwenye sanduku la posta tu aliweza kuupata mfumo uliokamilika pamoja na madoido yake, akauwekea mashine yake na za rafiki zake bila kuvunja sheria, katika wakati ambapo nakala za Windows zisizo na idhini zilienea mitaani. Wala hatukuwa wapokeaji watupu: Desemba 2004, kabla Compiz haijatoka, wataalamu wa mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, wakathibitisha kwamba chanzo kikiwa wazi, mkono wa Mswahili unaweza kufika ndani yake na kukirekebisha kwa haja zake.

Sasa tuje kwenye hoja za wapinzani wa madoido, ambazo si dhaifu. Nchi hii ina kumbukumbu ya tahadhari: mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta zenyewe, baada ya kazi ya kuzitumia katika hesabu za Hazina kuleta hasara na mchafuko, na zuio hilo lililegezwa baada ya miaka mingi. Taifa lililowahi kuihesabu mashine nzima kuwa jambo lisiloweza kumudiwa haliwezi kulaumiwa likiuliza kwa nini madirisha yaungue moto. Hesabu nayo inasema. Dirisha moja lililojaza kioo chenye nukta 1024 kwa 768, kila nukta ikichukua baiti nne, linahitaji megabaiti tatu za kumbukumbu ili lihifadhiwe kando. Madirisha kumi yanahitaji thelathini. Na katika mashine yenye megabaiti 256 za kumbukumbu yote, ambayo ilikuwa ya kawaida katika maduka ya mitumba ya zama zile, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi iliyotolewa kwa ajili ya maonyesho kabla kazi haijaanza. Juu ya hayo, wapo watu ambao mwendo wa vitu juu ya kioo huwaletea kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na kwao mchemraba ni adha.

Hoja hizo zinashinda katika mipaka yake. Mwenye steshenari mwenye mashine kongwe na foleni ya wateja azime madoido yote, na eneokazi jepesi kama Xfce litamfaa kuliko Plasma. Lakini hoja hizo zinapovushwa mipaka na kuwa hukumu kwamba urembo wote ni upotevu, zinapingana na tabia ya mwambao wenyewe. Aendaye Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga, atakuta makaburi ya nguzo yaliyojengwa karne nyingi zilizopita, na katika nguzo zile zimo nafasi zilizochongwa kwa ajili ya bakuli za kaure zilizovuka bahari kutoka China. Kaburi halikuhitaji bakuli ili liwe kaburi. Waliojenga waliona kwamba kazi iliyo imara inastahili kupambwa, wakakipamba kilicho chao kwa kitu kilichotoka mbali, wala hawakumwomba idhini aliyekifinyanga. Wazee waliofanya hivyo hawakuwa watu wa upuuzi. Pambo lililochaguliwa na mwenye nyumba ni alama ya kwamba nyumba ni yake.

Na zaidi ya pambo upo msaada, na hapa ndipo masala yanapokuwa mazito kwelikweli. Miongoni mwa madoido ya Compiz yalikuwamo mawili ambayo hayakupata sifa ya mchemraba, nayo ndiyo yaliyostahili sifa kuliko yote. La kwanza ni kukuza: mtu hushikilia kitufe kimoja cha kibodi na kuzungusha gurudumu la kipanya, na kioo chote humsogelea kwa ulaini kiasi anachotaka, kikifuata kishale popote kiendapo. La pili ni kugeuza rangi: kwa vitufe viwili ukurasa mweupe wenye herufi nyeusi huwa mweusi wenye herufi nyeupe, dirisha moja au kioo kizima. Kwa mwenye macho mazima hayo ni mchezo wa dakika moja. Kwa mtoto mwenye ualbino, ambaye uoni wake ni hafifu na mwanga mkali humuumiza, ni tofauti baina ya kusoma na kutosoma.

Mkoa wa Tanga una sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Kule Irente, Lushoto, ipo shule ya watoto wasioona, na hapa Pongwe shule ya msingi imewapokea watoto wasioona na wenye ualbino pamoja na wenzao. Mtoto asiyeona kabisa anahitaji programu ya kumsomea kwa sauti, na hilo ni somo jingine. Lakini aliyebakiwa na uoni kidogo anahitaji kioo kinachomtii, na vifaa vya kukuza vinavyouzwa kando kwa ajili yake vina bei ambayo shule nyingi haziifikii. Katika Linux vyombo hivyo vimo ndani ya mfumo, bila malipo, na vimezaliwa na ufundi ule ule wa madirisha yanayoungua moto. Kwani picha ya dirisha ikishafika katika kadi ya picha, nguvu inayolichezesha ndiyo inayolikuza. Toleo la sita la Plasma halikurejesha mchemraba tu: limeongeza pia vichujio kwa watu ambao macho yao hayatofautishi baadhi ya rangi. Kwa hiyo anayesema madoido yote yatupwe hana budi kueleza atamwambia nini mtoto wa Pongwe.

Lipo fungu la tatu, nalo ni la maarifa. Dirisha linalotikisika lilichekesha watu, lakini anayefungua chanzo chake hukuta darasa la fizikia. Dirisha limegawanywa katika nukta kumi na sita, nne kwa nne, kila moja imepewa uzito na kuunganishwa na jirani zake kwa springi. Kipanya kikishika nukta moja na kuivuta, springi huvuta nukta ya pili, na ya pili ya tatu, mpaka msuguano uumeze mwendo na dirisha litulie katika umbo lake la mstatili. Mambo mawili, ukali wa springi na kiasi cha msuguano, yamewekwa mahali ambapo mtumiaji anaweza kuyabadili, na akipunguza msuguano dirisha hutetemeka muda mrefu kabla ya kutulia. Mwanafunzi wa shule ya Tanga Technical au ya Galanos, ambaye kanuni ya Hooke ameinakili ubaoni kwa ajili ya mtihani, angeweza kuiona hapo ikitenda kazi, akabadili tarakimu na kuona matokeo papo hapo, bila maabara, bila springi na bila mawe ya uzani. Ni lini tumemwonyesha? Vijana wengi wa mwambao walioipata Compiz waliuzungusha mchemraba mbele ya rafiki zao, wakasifiwa, wakaishia hapo. Mlango wa chanzo ulikuwa wazi siku zote, na taksiri ilikuwa yetu sisi walimu, wazazi na waandishi, ambao hatukuwaambia kwamba mlango upo.

Kazi hizi za madoido nazo zina ajali zake. Aprili 2011 Canonical ilijenga eneokazi lake la Unity juu ya Compiz, ikaonekana kwamba mustakabali wake umethibiti; miaka sita baadaye, Aprili 2017, Canonical ilitangaza kuiacha Unity, na Oktoba ya mwaka huo Ubuntu ikarudi kwa eneokazi la GNOME. Wakati huo huo mfumo wa X wenyewe ulikuwa unarithiwa na Wayland, alioanza kuujenga Kristian Høgsberg mwaka 2008, yule yule aliyekuwa fundi wa AIGLX. Chini ya Wayland programu inayopanga madirisha ndiyo inayomiliki kioo, na kwa kuwa Compiz ilijengwa juu ya X, haiwezi kuhama bila kuandikwa upya. Lakini madoido yake hayakufa. KWin, programu ya KDE ya kupanga madirisha, imeyachukua mengi, na Wayfire, programu iliyojengwa kwa ajili ya Wayland, imeyafuata ya Compiz kwa makusudi. Kampuni zimeyaacha na majina yamebadilika. Ujuzi umedumu kwa sababu haukufungiwa.

Ninayaandika haya wakati ambapo masala yamerudi mlangoni kwetu kwa sura mpya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi zilizo nzima zimeambiwa kwamba Windows 11 haitazipokea. Nyingi za mashine hizo zina kadi za picha zenye nguvu mara nyingi kuliko ile Intel 915 iliyobeba Compiz, na si ajabu kwamba kwa miaka ijayo zitashuka katika bandari zetu na kuuzwa kwa bei ya chini. Shule na ofisi zitakazozinunua zitachagua moja kati ya matatu: kuendelea na mfumo usiolindwa, kuziacha zikusanye vumbi, au kuzitia Linux.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Madoido yapimwe kwa mizani tatu. Kwanza, je, mashine inayamudu bila kuikwamisha kazi? Ikiwa haiyamudu yazimwe, wala pasiwe na haya. Pili, je, yanalisaidia jicho au akili, kwa kukuza, kugeuza rangi, au kutandaza madirisha yaliyofichana ili mtu ajue alipo? Ikiwa yanasaidia, basi kwa shule zenye wanafunzi wenye uoni hafifu ni haja, na fundi anayeandaa mashine za shule ayawashe na kuwafundisha walimu vitufe vyake kabla hajaondoka. Tatu, je, mtumiaji anaweza kuyakataa na kuyabadili apendavyo? Hapa Linux imeshinda tangu mwanzo, maana kila doido la Compiz lilikuwa na mahali pa kuwashwa na kuzimwa, na uhuru huo ndio unaotenganisha pambo na kero.

Juu ya mizani hizo naongeza wasia kwa walimu wa kompyuta katika shule na vyuo vya mkoa huu. Kijana akiuona mchemraba akastaajabu, mshangao wake usipuuzwe wala usiachwe uishe bure. Aonyeshwe chanzo, asomewe mistari michache, aelezwe springi ziko wapi, aachwe abadili tarakimu moja na kutazama lililotokea. Jambo ililolithibitisha Compiz mwaka 2006 juu ya chipu duni, kwamba elimu iliyo wazi huweza kukipa chombo kilichodharauliwa uzuri uliokusudiwa matajiri, linaweza kuthibitishwa tena Tanga kwa mashine zitakazotufikia, ila safari hii baadhi ya mafundi wake wawe watoto wetu.